Kujitayarisha kwa Mtihani wa Kanuni za Barabara

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu



Ilipotangazwa ya kuwa leo tutazungumza habari za mtihani wa kanuni za barabara, yaani ule mtihani wa maneno ambao mtu hana budi kuushinda kabla hajapewa leseni ya kuendesha gari, baadhi ya wenzetu walicheka. Walisema, "Hilo ni jambo la shule ya udereva, Chama kina mambo makubwa zaidi, kama mishahara, nyumba na malipo ya uzeeni." Twawaheshimu wenzetu hao, walakini twawaomba wavumilie kidogo. Katika afisi zetu kazi nyingi siku hizi zamtaka mtu ajuaye kuendesha gari. Watu wa kilimo, wa afya, wa maji na wa ardhi hupelekwa mashambani kila juma, na karani mwenye leseni hutangulizwa mbele ya mwenzake asiye nayo, hata kama mwandiko na hesabu zao ni sawasawa. Tena yuko yule asiyetafuta cheo, ambaye amekopa katika chama cha akiba na mikopo akanunua gari lake dogo la kupelekea watoto shule. Huyo naye sharti apite mlango ule ule.

Nasi tutasema habari za Kenya, kwa kuwa ndiko tunakoishi na ndiko tunakotahiniwa.

Kwanza yafaa tujue mtihani wenyewe ulivyo. Mwenye kutaka kuendesha gari dogo sharti awe ametimiza miaka 18, apate leseni ya muda ya mwanafunzi, na ajifunze chini ya mwalimu, gari likiwa na herufi L nyekundu mbele na nyuma ili kila mtu ajue ya kuwa anayeshika usukani ni mwanagenzi. Halafu huja siku ya mtahini. Mtahini humwuliza maswali ya kanuni na alama. Kisha humsimamisha mbele ya ubao wa mji wa mfano. Mwisho humtoa barabarani aone mikono na miguu yake. Leo hatusemi habari za mikono na miguu. Hiyo ni kazi ya mwalimu na ya mazoezi. Twasema habari za sehemu mbili za kwanza, ambazo makarani wengi huzidharau, wakidhani ya kuwa mtu aliyekwisha kushinda mitihani ya shule na ya kupandishwa daraja hawezi kushindwa na maswali ya barabara.

Ndugu, hapo ndipo penye mtego. Sisi watu wa kalamu tuna ufundi mmoja tulioupata shuleni, nao ni ufundi wa kukariri. Tulikariri majina ya mito, tukakariri tarehe za wafalme, tukakariri sura za kanuni za utumishi, na mara nyingi tulifaulu. Basi tukisikia neno mtihani, akili zetu hukimbilia palepale pa zamani. Katika afisi moja tumeiona karatasi ya maswali na majibu ikipita meza hata meza. Ilikuwa imenakiliwa na kunakiliwa tena hata herufi zilizo pembeni zimetoweka, nayo ilipigiwa mistari kwa kalamu za rangi tatu. Mwenzetu mmoja aliisoma majuma mawili, akaijua yote. Ukimwuliza, "Raundabauti ni nini?" alijibu bila kupumua, na kwa Kiingereza kizuri. Alijua aina za alama za barabarani na hesabu yake. Siku ya mtihani akasimama mbele ya ubao. Mtahini akamwekea lile gari dogo la kuchezea katika maegesho, akamwambia, "Haya, nenda hospitali, kisha urudi kwa njia nyingine." Mwenzetu akalitazama gari, akautazama mji, na katika karatasi yake yote hapakuwa na jibu la swali hilo. Akalisukuma gari mbele, akaingia barabara ya njia moja kwa upande wa kutokea, na mtihani ukaishia hapo. Mwenyewe ametupa ruhusa kuyasema haya, ila jina lake tusilitaje. Na mara ya pili alifaulu vema, kwa njia ambayo tutaieleza.

Wasiouona ubao huo watuwie radhi tukiueleza. Ni meza pana iliyochorwa mji mzima: barabara kuu yenye njia mbili zilizotengwa, vichochoro, barabara ya njia moja, makutano, raundabauti, kivuko cha milia, daraja, na mahali reli inapokata barabara. Mwanafunzi hupewa kigari cha kuchezea, akakisukuma kwa vidole huku akitangaza kila alifanyalo. Wengi hucheka wakiuona mara ya kwanza, maana ni ajabu kumwona mtu mzima mwenye tai akisukuma kigari cha mtoto. Lakini ubao ule una hekima. Karatasi humwuliza mtu alilolisoma, na ubao humwuliza alilolielewa. Mbele ya ubao hakuna swali la kumi na nne ambalo jibu lake ni B. Kuna gari lako, kuna mahali unapotaka kwenda, na kuna watu wengine wote walio njiani.

Basi neno letu la leo ni hili moja: kanuni za barabara ni mapatano baina ya watu wasiojuana, na mtu hawezi kushika mapatano ambayo hakufahamu sababu yake. Tukilishika neno hili, tutajua namna ya kujitayarisha, na tutajua pia kwa nini haifai kabisa kuununua mtihani huu.

Tutazame mfano. Kwa nini twashika upande wa kushoto? Hapana siri katika upande wa kushoto. Twaushika kwa sababu tulitawaliwa na Waingereza, nao ndio waushikao. Dereva wa lori atokaye bandari ya Mombasa hushika kushoto Kenya yote na Uganda yote, lakini akivuka mpaka kuingia Rwanda, sharti ahamie kulia. Nchi ya Uswidi ilikuwa ikishika kushoto hata tarehe 3 Septemba 1967, na siku hiyo taifa zima likahamia kulia kwa saa iliyowekwa, magari yakasimama, kisha yakaenda tena upande mwingine. Wala hawakuangamia. Hili latuonyesha ya kuwa upande wenyewe si kitu. Kilicho kitu ni kwamba yule ninayekutana naye gizani, nisiyemjua jina wala kabila, amekubaliana nami. Kila gari linalotupita huwa karibu nasi kama upana wa mlango, nasi hatushtuki, kwa sababu twamwamini mtu tusiyemjua. Imani hiyo ndiyo inayotahiniwa.

Tuitazame raundabauti, ambayo imewaangusha wengi. Kanuni yasema, aingiaye ampishe aliyekwisha kuingia, naye humjia kutoka mkono wa kulia. Mtu aweza kukariri maneno haya na kuyasahau siku ya pili. Lakini afikiri: kama aingiaye angekuwa na haki kumpita aliye ndani, magari yangeingia tu wala yasingetoka, na mzunguko ungejaa kama chupa iliyozibwa. Wala hili si la kubuni. Huko Uingereza raundabauti zilikuwa zikizibana hivyo hasa, hata kanuni ya kumpisha wa kulia ilipowekwa mwaka 1966, ndipo zikaanza kupumua. Mtu akiijua sababu hii, hawezi kuisahau kanuni, na tena hataona haya kungoja. Atajua ya kuwa kungoja kwake ndiko kunakoifungua njia yake mwenyewe.

Alama nazo ni vivyo hivyo. Wanafunzi wengi hujaribu kuzikariri moja moja kama nyuso za watu katika picha. Yafaa kwanza kuzijua jamaa zake. Duara lenye ukingo mwekundu hukataza. Duara la buluu huamuru. Pembe tatu iliyosimama yenye ukingo mwekundu huonya. Zilizo za mstatili hutoa habari. Mtu akijua jamaa nne hizi, hata akikutana na alama ambayo hajaiona maishani, atajua kama anakatazwa, anaamriwa, anaonywa au anaambiwa tu. Kisha ajiulize, kwa nini alama ya kusimama ina pembe nane peke yake, na alama ya kumpisha mwingine ni pembe tatu iliyopinduliwa, kichwa chini? Ni ili zijulikane kwa umbo, hata zikichafuka matope, hata rangi ikififia, hata mtu akiziona kwa nyuma. Aliyezichora alikuwa akimfikiria dereva wa usiku na wa mvua. Nasi tukizisoma, tumfikirie dereva huyo huyo.

Sasa tufike kwenye mwendo, na hapa twawaomba wenzetu wa idara za hesabu watusikilize, maana jambo hili ni la kalamu na karatasi. Sheria yetu yaweka mwisho wa kilometa 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na magari ya abiria na ya mizigo hayaruhusiwi kupita kilometa 80 po pote. Watu hulalamika ya kuwa kilometa 50 ni mwendo wa kobe. Haya, tugawanye. Kilometa 50 ni meta 50,000, na saa moja ni sekunde 3,600. Gari hilo la kobe linakwenda karibu meta 14 kwa kila sekunde. Dereva akiinamia simu yake kwa sekunde mbili tu, amekwenda meta 28 akiwa kipofu, na hiyo ni njia ndefu kuliko nyumba nyingi tunazokaa.

Tena kuna hesabu ya kusimama. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza, ambacho kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1931, kina hesabu hizi. Gari liendalo maili 30 kwa saa, yaani karibu kilometa 48, lahitaji meta 23 mpaka lisimame. Meta 9 zapita dereva akiwa bado hajagusa breki, akili inafikiri tu, na meta 14 zapita breki zikikaza. Gari liendalo maili 60, yaani karibu kilometa 96, lahitaji meta 73: meta 18 za kufikiri na meta 55 za breki. Angalieni vema. Mwendo umezidi mara mbili. Njia ya kufikiri nayo imezidi mara mbili. Lakini njia ya breki imezidi karibu mara nne. Na hizo ni hesabu za barabara kavu na breki nzuri. Mvua ikinyesha, njia ya kusimama yaweza kuzidi maradufu. Mtu akiisha kuiandika hesabu hii kwa mkono wake mwenyewe, swali la mtahini halitamsumbua, na tuta la barabarani halitamkasirisha.

Kwa sababu hiyo hiyo twafundishwa kuacha nafasi ya sekunde mbili nyuma ya gari lililotangulia. Njia nyepesi ni hii: gari la mbele likipita mlingoti, sema pole pole, "Mia moja na moja, mia moja na mbili." Ukifika kwenye mlingoti kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Katika mvua, sema mara mbili.

Lakini mtu aweza kuzijua kanuni zote hizi, na bado asiione hatari inapokuja. Waingereza walilitambua jambo hili. Mtihani wao wa maneno ulitengwa na wa barabarani mwaka 1996. Na mwaka 2002 wakaongeza sehemu nyingine. Mwanafunzi huonyeshwa picha 14 zinazotembea, kama dereva anavyoiona barabara kupitia kioo cha mbele, na hupewa alama kwa kadiri anavyotambua mapema hatari inayoanza kutokea. Ndani ya picha hizo kuna hatari 15. Tena mashine imefundishwa ujanja wa watu: mtu akibonyeza ovyo ovyo ili aipate hatari kwa bahati, hupewa sifuri katika picha hiyo.

Sisi tusio na picha hizo tunayo barabara yenyewe, wala hatulipi ziada. Kila asubuhi wengi wetu twaja kazini katika matatu. Basi mwanafunzi akae mbele karibu na dereva, aiweke simu mfukoni, aitazame njia, na ajisemee moyoni: "Yule mtoto ameshika mpira, mpira ukianguka ataufuata. Tuktuk ile imesimama na abiria anatafuta pesa, mlango utafunguka. Bodaboda yule anatazama nyuma. Anataka kukata mbele yetu. Chini ya basi lile lililosimama naona miguu ya mtu. Atatokea sasa hivi." Akifanya hivyo dakika ishirini kila siku kwa mwezi mmoja, atakuwa amesoma kitabu ambacho hakikupigwa chapa mahali po pote.

Sasa tuseme namna ya kugawanya siku. Karani hana siku nzima ya kusoma. Hutoka kazini jioni, na nyumbani kuna watoto na wageni. Twaona majuma manne yatosha, nusu saa kila jioni, kwa maana bandu bandu huisha gogo.

Juma la kwanza ni la alama. Msizitazame tu kitabuni. Zichoreni kwa mkono nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, kila jamaa mahali pake, na chini ya kila alama andikeni kwa Kiswahili inataka dereva afanye nini. Twasema kwa Kiswahili kwa makusudi. Vitabu vingi vya kanuni vimeandikwa kwa Kiingereza, na mtu aweza kulirudia neno la Kiingereza kama kasuku asijue anasema nini. Lakini gari likimjia ghafula, hatafikiri kwa lugha ya kitabu. Jambo ambalo huwezi kulieleza kwa lugha unayogombania nalo bei sokoni, bado hujalijua.

Juma la pili ni la makutano na raundabauti. Chukueni chaki, mchore mji sakafuni au mezani, na viberiti viwe magari. Mwenzetu yule tuliyemtaja alifanya hivyo mara ya pili. Watoto wake walishika viberiti vingine wakawa madereva wabaya, wakimwingilia kutoka kila upande, naye sharti aseme nani ana haki na kwa nini. Asemapo ashike taratibu ile ile kila mara: kioo, ishara, kisha tendo. Akienda kushoto, ashike leni ya kushoto mapema. Akienda kulia, ashike ya kulia mapema, wala asikumbuke akiwa katikati ya njia panda. Jioni tatu za kwanza watoto walimshinda. Jioni ya nne hawakumweza tena.

Juma la tatu ni la hesabu za mwendo, nafasi za kusimama, mahali pasiporuhusiwa kuegesha au kupita gari lingine: karibu na makutano, kwenye kivuko cha milia, kwenye kona na kilele cha mlima, kwenye daraja jembamba, na penye reli. Hapa pia msikariri orodha. Simameni mahali hapo na kuuliza, "Kama gari lingesimama hapa, nani asingeonekana?" Jibu la swali hilo moja ndilo orodha nzima.

Juma la nne ni la kuulizwa. Mpeni mke, mume au rafiki kitabu, awaulize bila kufuata mpango, na kila jibu lifuatwe na neno "kwa nini?" Na kama jirani yenu ni dereva wa lori wa miaka mingi, mwendeeni kwa adabu. Watu hao hawakusoma vitabu kama sisi, lakini wamesoma njia, na shikamoo moja tu yatosha kufungua hazina yao. Hata hivyo akiwaambia jambo lisilopatana na kanuni, lishikeni la kanuni na mumshukuru.

Siku ya mtihani, fikeni mapema mkiwa mmelala vema usiku, na vyeti vyenu vyote viwe katika bahasha moja. Mtahini akiuliza jambo msilolisikia, ombeni alirudie. Hakuna aibu katika kuomba, na ni afadhali kuliko kujibu swali ambalo halikuulizwa. Mbele ya ubao semeni kwa sauti kila mnachokiona na kila mnachokifanya: "Natazama kioo, natoa ishara ya kulia, nashika leni ya kulia, nampisha aliye ndani, naingia." Mtahini hawezi kuona ndani ya kichwa cha mtu. Wala msikirushe kigari juu ya ukingo uliochorwa ili kufupisha njia. Vidole hufanya mezani kile ambacho mikono itafanya barabarani. Mwenda pole hajikwai.

Bwana Mwenyekiti, limebaki jambo moja, nalo ni zito. Tungeweza kuliacha, lakini tungekuwa tumewadanganya wanachama.

Wako watu wanaozungukazunguka mahali pa mitihani wakimwendea mwanafunzi kwa sauti ya chini na kumwambia, "Kwa nini ujisumbue? Toa kitu kidogo, na cheti kitatoka." Na wako wanafunzi wanaotoa. Baadhi yao ni watumishi wa umma kama sisi. Husema, "Mimi naweza kuendesha tayari, mtihani ni maneno tu." Ndugu zetu, tufikiri kama makarani. Leseni ni nini? Ni karatasi au kadi isemayo ya kuwa serikali imemtazama mtu huyu na kumwona anafaa. Ni ushahidi. Kazi yetu sisi, tangu asubuhi hata jioni, ni ushahidi wa namna hiyo hiyo: twapiga muhuri ya kuwa mtoto huyu amezaliwa siku fulani, ya kuwa shamba hili ni la mtu fulani, ya kuwa maji haya yamepimwa. Mwananchi hunywa maji yale kwa sababu aliamini muhuri. Sasa mtu wa mihuri akinunua muhuri kwa ajili yake mwenyewe, atasimama wapi siku mjane atakapomlilia ya kuwa hati ya shamba lake imeuzwa kwa mwingine? Hatutakuwa na ulimi wa kukemea.

Na kwa upande wa barabara, bei yake hulipwa na mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 ya kuwa watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni katika mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wafao kwa ajali hizo ni waendao kwa miguu, wapandao baiskeli na wapandao pikipiki. Hapa Kenya waliokufa mwaka 2023 walipita 4,000, na waendao kwa miguu walikuwa wengi kuliko jamii nyingine yo yote ya watumiao njia. Watu hawa hawakuomba leseni. Hawakukaa mbele ya mtahini. Wao wapo katika mapatano yale tuliyoyasema tangu mwanzo, nao wameyatimiza kwa upande wao: wamesimama kando, wametazama kulia na kushoto, wamekanyaga milia. Walichobakiwa nacho ni kuamini ya kuwa aliye nyuma ya usukani anajua maana ya ile milia. Aliyenunua cheti amewauza watu hao bila wao kujua.

Kama mtu ameshindwa mtihani, hajafedheheka. Atarudi tena, na nauli ya kurudi ni rahisi. Twawaomba wanachama wasimcheke mwenzao aliyerudishwa, maana kicheko cha afisini ndicho kinachowasukuma wengi kwa wale watu wa sauti ya chini. Tumwulize tu, "Ulikwama wapi?" kisha tuvute viberiti tukae naye mezani.

Kwa hayo twapendekeza mambo mawili kwa tawi letu. Kwanza, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, meza ya chumba hiki ichorwe mji wa mfano, na wanachama walio na leseni wajitolee kwa zamu kuwauliza wanaojitayarisha. Chaki na viberiti havitauchosha mfuko wa Chama. Pili, zile karatasi za majibu zinazopita mezani zikusanywe, na nyuma yake zichorwe alama. Hapo zitakuwa zimefanya kazi ya haki.

 Wale watakaokwenda kutahiniwa mwezi ujao, twawatakia heri. Na wale watakaovuka barabara mwezi huo huo, twawatakia heri zaidi.